Malipo Bila ya Hesabu

Miongoni mwa methali ambazo wanafunzi wetu hupenda kuzitia katika insha zao ni ile isemayo kwamba malipo ni hapa hapa duniani, ahera kwenda hesabu. Nusu yake ya kwanza hutamkwa kwa sauti kubwa. Nusu ya pili aghalabu huachwa. Sinema zinazopendwa na watu wengi nazo hufanya vivyo hivyo. Mwovu hudhulumu, mnyonge hulia, steringi hufika, mwovu hulipwa, na taa huwashwa. Katika makala haya tungependa kuuliza swali moja tu: je, furaha tuipatayo tunapomwona mwovu akiuawa ni kupenda haki, au ni hasira iliyovaa kanzu ya haki?

Kwanza yafaa tuseme kweli. Sisi walimu tukiulizwa ni picha gani tuzipendazo, hutaja zile zenye mafunzo. Lakini picha zinazojaza kumbi ni nyingine, nasi tumo miongoni mwa wanaozijaza. Afrika Mashariki imezipokea kwa miaka mingi picha za Kihindi, za Hong Kong na za Marekani, na imezifanya kuwa zake. Katika mabanda ya video ya Kampala yuko mfasiri, aitwaye VJ, ambaye huzungumza juu ya sauti za waigizaji kwa Kiganda, akaongeza mizaha na maonyo yake mwenyewe. Kenya na Tanzania nazo zimepata wafasiri wao wa Kiswahili. Hatuzidharau picha hizo hata kidogo. Mtu anayesema kwamba ngumi za Bruce Lee katika Enter the Dragon ya mwaka 1973 hazikumsisimua, ama hakuitazama, ama alisinzia.

Tuanze na ile iliyo nyepesi, yaani Commando ya mwaka 1985. Arnold Schwarzenegger ni askari mstaafu aitwaye Matrix, na majambazi wamemteka binti yake. Katika kumtafuta, anamkamata mmoja wa majambazi hao na kumning'iniza kwa mguu juu ya genge. Hapo awali alimwahidi kwamba atamwua mwisho. Sasa anamwambia kuwa alimdanganya, kisha anamwachia. Ukumbi hucheka. Baadaye kisiwani walinzi huanguka kwa makumi, wala picha haituambii jina la hata mmoja wao, au kama naye ana binti anayemngoja. Baba anampata mwanawe, wanapanda ndege, wanakwenda zao. Malipo yametimia, daftari la hesabu halikufunguliwa.

Wako watakaotuambia kwamba huo ni mchezo tu, damu ile ni rangi, na kila aliyeanguka aliinuka akaenda kula chakula chake cha mchana. Hoja hii ina nguvu, nasi hatudai kwamba anayecheka ukumbini atatoka na panga mkononi. Lakini hoja hiyo hiyo ikipelekwa mbele hubomoa na yale tunayoyapenda. Kama kicheko chetu juu ya maiti si kitu kwa sababu ni mchezo, basi na machozi yetu juu ya yatima wa sinema si kitu. Hatuwezi kusema kwamba picha hutufundisha huruma tunapolia, kisha tukasema kwamba haitufundishi lolote tunapocheka. Ama moyo umo ukumbini, ama haumo.

Kwa maoni yetu, kosa haliko katika damu. Ziko picha zilizopendwa na mamilioni ya watu, zenye damu na kisasi, ambazo hata hivyo zililifungua daftari. Mfano ulio bora ni Mother India, picha ya Mehboob Khan ya mwaka 1957. Radha, mwanamke maskini aliyeigizwa na Nargis, anawalea wanawe chini ya mzigo wa deni la Sukhilala, mkopeshaji asiyekuwa na huruma. Mwanawe Birju anakua na hasira kifuani hata anakuwa jambazi, na mwishoni anamwua Sukhilala. Hapo mtazamaji hupiga makofi, na haki yake kupiga, kwani tangu mwanzo ameonyeshwa jasho la mama likiliwa na riba. Lakini Birju haishii hapo; anamteka binti wa Sukhilala siku ya arusi yake. Ndipo Radha, kwa ajili ya heshima ya binti wa adui yake, anapomlenga bunduki mwana aliyemzaa na kumnyonyesha, akampiga risasi. Anafia mikononi mwake.

Makofi yako wapi sasa? Mtu aliyeshangilia dakika chache zilizopita hajui mikono yake aiweke wapi. Picha imempa malipo aliyoyataka, kisha ikamletea hesabu yake, na msomaji wa hesabu hiyo ni mama. Wala haimwambii kwamba kumchukia Sukhilala kulikuwa dhambi. Inamwambia tu kwamba hasira ya haki, isipowekewa mpaka, haimtambui aliyedhulumu na asiyedhulumu.

Sholay, iliyotoka mwaka 1975 chini ya uongozi wa Ramesh Sippy, inatufunza jambo jingine. Thakur, aliyekuwa ofisa wa polisi, ameuliwa jamaa zake na jambazi Gabbar, naye mwenyewe amekatwa mikono yote miwili. Mwisho uliopigwa hapo awali ulimwonyesha Thakur akimwua Gabbar kwa miguu yake. India ilikuwa katika hali ya hatari wakati huo, na wakaguzi wa filamu wakashikilia kwamba mwisho ubadilishwe. Kwa hiyo katika picha iliyotoka, polisi wanafika dakika ya mwisho na kumkumbusha Thakur kwamba adhabu ni kazi ya sheria. Watazamaji wengi hawakuupenda mwisho huo. Nasi twasema waziwazi kwamba hatuupendi, ila si kwa sababu ya kutaka Gabbar afe. Twaona kwamba wakaguzi walitafuta maadili pasipo mahali pake. Maadili ya picha hiyo yalikwisha kupita zamani, pale kijana Ahmed, aliyekuwa akiondoka kijijini kwenda kutafuta kazi, anaporudishwa maiti juu ya farasi. Watu wote wananyamaza, na baba yake, imamu kipofu, anauliza kwa nini pamekuwa kimya namna ile. Swali lile la mzee lina uzito kuliko hotuba nzima ya sheria. Kijana mmoja amekufa, na picha yenye bunduki nyingi imesimama ili ahesabiwe.

Lakini picha inaweza pia kutuhadaa kwa upole. Walimu wa Kiswahili wana sababu ya kuipenda The Lion King ya mwaka 1994, iliyoeneza maneno yetu ulimwenguni: Simba, Rafiki, Pumbaa, na hata fisi aliyeitwa Shenzi. Ni picha nzuri ya watoto, na kifo cha Mufasa kinaliliwa inavyopasa. Hebu tutazame mwisho wake, hata hivyo. Simba anamshinda Scar, amwuaye ndugu yake ili atawale, na anakataa kumwua. Anamwamuru aondoke asirudi. Scar anamrukia kwa hila, wanapigana, anaanguka, na fisi aliowasaliti wanamzunguka. Hivyo mtazamaji anapata vyote viwili: shujaa aliyesamehe, na mwovu aliyekufa. Mikono ya Simba ni safi kwa sababu kazi chafu wamefanyiwa fisi. Huko ni kutaka kula nyama bila ya kuona kisu. Msamaha usiomgharimu kitu anayesamehe ni jina tu.

Iko hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ile ya mchezo. Watu wa nchi zetu wamewaona wauaji wengi ambao hawakulipwa. Idi Amin alitawala Uganda tangu mwaka 1971 hata 1979, akakimbia, na mwaka 2003 akafariki Jeddah, Saudi Arabia, bila ya kusimama kizimbani hata siku moja. Mtu aliyepotelewa na ndugu katika miaka ile, akiingia bandani na kuona dikteta wa kubuni akipigwa risasi, nani atamnyima furaha hiyo? Sisi hatumnyimi. Sinema ndiyo mahakama ya pekee aliyoifikia.

Lakini twauliza kama ndicho alichokuwa akikitafuta. Nchi jirani ya Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ilianzisha mahakama za gacaca, jina litokanalo na majani ambayo watu hukaa juu yake. Hata zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimesikiliza mashauri zaidi ya milioni moja na laki tisa. Mahakama hizo zilisifiwa na zililaumiwa, na hapa si mahali pa kuamua. Tunalotaka kulitaja ni dogo: waliofiwa waliuliza maswali ambayo hakuna steringi awezaye kuyajibu kwa bastola. Alifia wapi? Alisema nini? Mwili wake uko wapi? Hayo ni maswali ya hesabu, wala malipo peke yake hayayatoshelezi. Muuaji akifa leo bila ya kuyajibu, amekwenda nayo.

Basi jibu letu kwa swali tulilouliza mwanzoni ni hili. Furaha ya kumwona mwovu akianguka yaweza kuwa mwanzo wa kupenda haki, kwa kuwa asiyechukizwa na dhuluma hata katika mchezo, hatachukizwa nayo sokoni wala barazani. Ila ni mwanzo tu. Hugeuka hasira tupu pale picha inapotuzoeza kuamini kwamba baadhi ya watu hufa bila ya kufiwa.

Kwa hiyo hatuwashauri walimu wenzetu kuwakataza wanafunzi kwenda kutazama Commando. Wakatazwao huenda kwa siri, na aliyekwenda kwa siri hana wa kuzungumza naye. Heri tuwape kazi ya insha. Wachague mmoja wa wale walinzi wa kisiwani walioanguka bila ya jina, wampe jina, wampe na mji atokako, kisha waandike barua ambayo jamaa zake walipokea wiki iliyofuata. Mwanafunzi atakayeiandika barua hiyo vizuri ataendelea kuipenda picha ile. Lakini atakapofika kwenye genge lile, atajua anacheka nini.