Mhafidhina Huhifadhi Nini?

Katika darsa yetu lilizuka swali ambalo kwa dhahiri yake ni la siasa, lakini undani wake ni wa maadili, nasi tumeona si vyema liishie barazani bila ya kuwafikia ndugu zetu wasomaji. Swali lenyewe ni hili: Je, serikali za wahafidhina, yaani zile zishikazo desturi za zamani na kutukuza milki ya mtu na biashara yake, zaweza kwa kweli kulinda maji, ardhi na misitu pale ulinzi huo unapogongana na faida ya wenye mali?

Neno lenyewe latutaka tufikiri. Mhafidhina na hifadhi ni maneno ya shina moja. Mwenye kuihifadhi Qur'ani twamwita hafidh kwa kuwa hairuhusu hata herufi moja impotee. Basi aliyejiita mhafidhina ana haki ya kuulizwa: umehifadhi nini, nawe wamhifadhia nani?

Ili tusijibu kwa maneno matupu, na tuitazame Timau. Huu ni mji mdogo wa Meru, kando ya barabara itokayo Nanyuki, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya. Zama za ukoloni nchi hiyo ilikuwa mashamba ya walowezi. Na tangu miaka ya 1980 na 1990 yameongezeka mashamba makubwa ya mboga na maua, ambayo waridi wake husafirishwa kwa ndege kwenda kuuzwa Ulaya. Waridi hutaka maji masika na kiangazi. Na mito ya huko, kama vile Timau na Sirimon, haiishii mashambani. Maji yake ni ya bonde la Ewaso Ng'iro ya Kaskazini, mto upitao Archer's Post, ukafika Merti, na kumalizikia katika kinamasi cha Lorian. Huko chini waishi Wasamburu, Waborana na Wasomali, wengi wao ndugu zetu katika dini, ambao maisha yao ni ngamia, ng'ombe na mbuzi. Wapimao mto huo wameona maji ya kiangazi yakipungua mwongo baada ya mwongo. Na katika miaka ya ukame mkali, kama 1984 na 2000, mto ulikauka pale Archer's Post.

Hapana shaka ukame una sehemu yake, na wingi wa watu pia. Tena si matajiri peke yao watekao: wakulima wadogo nao wana mifereji na mipira yao, na mingine haina kibali chochote. Wala hatukani kwamba mashamba yale yamewapa maelfu ya watu mshahara, na nchi ikapata fedha za kigeni. Na yapo yaliyochimba mabwawa yao ili yatumie maji ya mvua. Haya twayasema kwa kuwa mwenye kutaka haki hana budi kuanza kwa kuitenda.

Lakini na tutazame upande wa serikali. Je, sheria zimekosekana? La. Sheria ya mazingira ilipitishwa mwaka 1999. Ya maji mwaka 2002, kisha ikaandikwa upya mwaka 2016, nayo yasema kwamba maji ya matumizi ya nyumbani yatangulie matumizi mengine yote. Kanuni za mwaka 2007 zilimtaka mwenye kumwagilia mashamba awe na akiba ya maji ya siku 90. Katiba ya mwaka 2010 imeifanya mito kuwa mali ya umma, na imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Lau sheria ingekuwa ni maji, basi Merti pasingekuwa na kiu.

Upungufu, basi, hauko katika karatasi. Uko pale kiangazi kinapokaza, mto ukawa mwembamba kama uzi, na afisa wa maji akapaswa kwenda mlangoni kwa mtu na kumwambia: Funga. Kumwambia hivyo mwanamke wa mfereji mdogo ni kazi nyepesi. Kumwambia mwenye kuleta mamilioni ya fedha za kigeni ni kazi nyingine. Hapo ndipo tutakapojua serikali yahifadhi nini.

Na Kenya tangu mwaka 1963 imekuwa nchi ya kuhifadhi kwa maana hii ya milki na mtaji, chama hiki au kile kikitawala. Serikali ile ile iliyopitisha sheria ya mazingira mwaka 1999, na mwaka 2000 ikauweka msitu wa Mlima Kenya chini ya ulinzi wa shirika la wanyamapori, mwaka 2001 ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 60,000 katika misitu ya nchi. Mkono mmoja uliandika, wa pili ukafuta.

Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Idara ya kulinda mazingira ya Marekani iliundwa mwaka 1970 na Richard Nixon, mhafidhina. Margaret Thatcher wa Uingereza alionya juu ya kuongezeka kwa joto la dunia mwaka 1988. Na mwaka mmoja kabla yake serikali yake na ya Ronald Reagan zilikubali mapatano ya Montreal ya kuondoa dawa zinazoharibu tabaka la hewa lituzuialo miale mikali ya jua. Basi si kweli kwamba wahafidhina hawawezi. Lakini katika jambo lile la Montreal, viwanda vikubwa vilikuwa tayari vyatazamia kuuza dawa nyingine badala yake. Ilipokuja zamu ya mafuta na makaa, ambayo faida yake haina badala nyepesi, chama kile kile cha Nixon, chini ya Donald Trump, kiliitoa Marekani katika mapatano ya Paris kwa amri ya mwaka 2017, na tena ya mwaka 2025. Wala asidhani mtu kwamba dawa ni kuwapindua wahafidhina tu: Bahari ya Aral ilikaushwa na serikali ya Kisovieti, iliyotukuza pamba badala ya mfanyabiashara.

Jawabu letu, basi, ni hili: serikali ya namna hii hulinda mazingira kwa dhati pale ulinzi usipomgharimu mwenye sauti. Pale umgharimupo, hulinda kwa maneno, mpaka walio chini wapate sauti nao.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Imepokewa kwamba Abyadh bin Hammal alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib, naye akampa. Kisha akaarifiwa kwamba chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, akairudisha iwe ya watu wote. Na katika kijito cha Mahzur, huko Madina, alihukumu kwamba wa juu azuie maji mpaka yafike vifundo vya miguu, kisha amfungulie wa chini. Hukumu hii haikumnyima wa juu, bali ilimwekea mpaka. Na kibali, kwa mfano wa Abyadh, si milki: kikidhuru umma, chaweza kurudishwa.

Haya si mambo ya kale tu. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu. Watu wa Lamu hawakukaa wakilalamika barazani. Walipeleka shauri lao mbele ya baraza la rufaa la mazingira, na mwezi wa Juni 2019 leseni ile ikafutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria iliyolala iliamshwa na wale ambao ingewaumiza kulala kwake.

Basi ndugu zetu wa pwani wasiseme kwamba Timau ni mbali. Sisi nasi ni watu wa chini ya mto. Maji ya Baricho, wanywayo Malindi, Kilifi na Mombasa, yatoka ukingoni mwa Sabaki, na Sabaki hupokea maji ya Athi, yaliyokwisha kupita Nairobi. Tutakapotaka wa juu yetu wawekewe mpaka, tutasema nini ikiwa tulinyamaza kwa ajili ya Merti? Na tutasema kwa uso gani, ilhali mikoko yetu yakatwa kwa mikono yetu, na takataka zetu zamwagwa mkondoni?

Anayehifadhi kilicho chake tu, huyo ni mlinzi wa sanduku. Hifadhi ni ya amana, na amana ni ya mwenziwe. Kiangazi kijacho, na tuulize ni mfereji wa nani uliofungwa kwanza.

Wabillahi tawfiq.