Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 13: Sufuria la Pembeni



Leo sitagusa kisimamo cha usiku wala zaka. Nataka tuingie jikoni. Najua kuna atakayesema, "Ustadh, jikoni tena, na sisi tumefunga?" Nistahimilieni kidogo.

Naishi na mama yangu mzazi. Ana sukari, miaka mingi sasa, na presha ikaja juu yake. Daktari wake alishamkataza kufunga. Siku ile alilia, kisha akatulia, kwa sababu ruhusa ya mgonjwa haikutolewa na daktari, imo ndani ya Suratul Baqara. Fidia yake tunaitoa. Lakini kila jioni, adhana ikikaribia, anajitandia mtandio wake, anakuja kukaa mkekani pamoja nasi, anasubiri kama tunavyosubiri. Tende yake anaishika mkononi mpaka muadhini aanze. Saumu imemtoka, mkeka wa futari umembakia.

Mwaka jana nikasema mimi ni mtoto mwema, lazima nimtunze mama. Nikaanza kutafuta mapishi ya afya kwenye simu. Jamani, kuna mapishi huko! Samaki wa bahari za baridi ambaye hapa hata jina lake hatuna. Nafaka za Amerika ya Kusini. Mafuta ya zeituni, nikanunua chupa ndogo kwa bei ya kuku mzima. Kila nikiona pishi nalituma kwa mke wangu, "Jaribu hili." Mimi nimejilaza barazani nasubiri Magharibi, yeye yuko mbele ya moto tangu Alasiri, amefunga vilevile, na simu inalia kila dakika tano. Hilo nitalirudia, maana ni aibu yangu peke yangu.

Basi tukafikia uamuzi tuliouona wa busara: mama awe na sufuria lake. Letu likae pale pale, na mihogo ya nazi, tambi za sukari, sambusa, kaimati, juisi ya embe. Lake la pembeni: mchicha wa kuchemsha, uji wa dona usio na kitu, kipande cha samaki kisicho na chumvi. Tunamwekea kwenye kisahani, mbali kidogo, ili watoto wasichanganye. Kwa siku kumi hivi nilijiona nimetimiza haki ya mzazi.

Usiku mmoja nimetoka tarawehe, naingia ndani, nasikia mtu jikoni gizani. Nikawasha taa. Ni mama. Mkononi ana kaimati mbili, shira inamdondoka vidoleni. Aliponiona akaziingiza ndani ya khanga yake, akasema, "Nilikuwa natafuta maji."

Ndugu zangu, mama yangu ana zaidi ya miaka sabini. Kaimati hizo yeye ndiye aliyemfundisha mke wangu kuzipika. Nyumba ni yake. Na mimi, kwa nia nzuri kabisa, nilimfanya aibe chakula ndani ya nyumba yake na aseme uongo mbele ya mwanawe, tena katika mwezi huu.

Sikulala vizuri. Swali lililonikaa ni hili, nami nalileta kwenu: mtu akiumwa, kumtengea chakula chake ni kumhurumia, au ni kumfukuza mezani polepole?

Jirani yangu nilipomwambia alinijibu bila kupepesa: "Mgonjwa ni mgonjwa. Kwani watoto wana kosa gani wakose tambi?" Hoja yake si ya kuidharau. Sheria yenyewe inamtofautisha mgonjwa na mzima. Na kuna kisa cha Ummul Mundhir, yule mama wa Kiansari, kimo katika Abu Daud na Tirmidhi. Mtume (s.a.w.) aliingia kwake pamoja na Ali (r.a.), na Ali ndiyo kwanza alikuwa anapata nafuu. Kulikuwa na mikungu ya tende imetundikwa, Mtume akawa anakula, Ali naye akainuka ale. Mtume akamzuia, akamkumbusha kwamba hali yake bado ya mgonjwa. Mzima anakula, mgonjwa anazuiwa. Jirani yangu angefurahi kama kisa kingeishia hapo.

Hakikuishia hapo. Yule mama akapika shayiri na majani ya mboga, na Mtume akamwambia Ali ale katika hicho, ndicho kinachomfaa zaidi. Katika mapokezi ya Tirmidhi Ummul Mundhir anasema kwamba aliwapikia wao, kwa wingi, si Ali peke yake. Mimi si mwanachuoni wa hadithi na sitaki kulibebesha neno moja mzigo mkubwa, wenye elimu watanisahihisha. Lakini angalau hili liko wazi: Ali hakuzuiwa akaachwa anatazama wenzake. Palipikwa kitu, tena kitu cha maana, kikaletwa pale pale walipokuwa.

Nikakumbuka pia Salman na Abu Dardaa katika Bukhari. Abu Dardaa alimwekea mgeni wake chakula, akamwambia kula wewe, mimi nimefunga. Ilikuwa funga ya sunna. Salman akakataa kugusa mpaka mwenyeji wake ale naye. Huwa tunakisoma kisa hiki kwa ajili ya yale maneno ya baadaye, kwamba mwili una haki yake na familia ina haki yake, na Mtume akayathibitisha. Mimi mwaka jana nilisimama kwenye lile la mwanzo. Salman hakutaka kula peke yake huku mwenzake amekaa tu.

Sasa turudi kwa watoto na tambi zao. Niliketi na mke wangu tukahesabu sukari ya jioni moja, kwa uaminifu. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu nne. Glasi ya juisi tulikuwa tunaitia vijiko vinne, gramu kumi na sita hizo, kabla hujaihesabu sukari ya embe lenyewe. Kaimati zimelowa shira. Tambi zina sukari. Baada ya tarawehe chai, nayo vijiko vitatu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hii, pamoja na ya juisi, isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Chumvi nayo chini ya gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na humo imo ile iliyojificha ndani ya vidonge vya mchuzi. Sisi hesabu yetu tuliiacha katikati, tumeona haya. Tulikuwa tunamlinda mama na chakula ambacho tunawalisha watoto wake na wajukuu zake kila siku, wakati kila mtu anajua sukari ina tabia ya kutembea ndani ya ukoo.

Kwa hiyo jibu langu kwa jirani lilikuwa hili, na ndiyo msimamo wangu mpaka leo: sufuria liwe moja. Kama chakula ni kizuri kwa mama, ni kizuri kwetu. Kama hatuwezi kukila sisi kwa sababu hakina ladha, basi hatuna haki ya kumwekea yeye na kukiita huruma. Ule mchicha wake nilikuja kuuonja siku ya kumi na moja. Ulikuwa mbaya kweli kweli.

Ila nani atapika hilo sufuria moja liwe tamu? Hapo ndipo nilipochekwa na mke wangu. Mimi natafuta mapishi ya afya duniani kote, na aliyeyapika miaka hamsini amekaa kibarazani anapunga kipepeo. Nikaenda kumuuliza, kwanza kwa kumwomba radhi. Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, kunde mnazo?"

Kunde zake ziko hivi. Unaziloweka usiku, asubuhi unamwaga maji unachemsha upya. Kitunguu, nyanya, bizari, tangawizi, kitunguu thomu kwa wingi. Tui zito huligusi, unatia lile la pili, jepesi, kikombe kimoja tu. Ndimu unakamulia baada ya kuepua, na ndimu hiyo ndiyo inayokufanya usiulize chumvi iko wapi. Samaki, changu au kibua, anapakwa viungo hivyo hivyo na pilipili, anachomwa kwa mkaa badala ya kuogelea kwenye mafuta. Mchicha unaingia sufuriani mwisho kabisa, ukilegea tu unatoa. Muhogo upo, wa kuchemsha, na yeye anachukua kipande kimoja. Embe linakatwa, halisagwi.

Akatukumbusha na mkate wa mofa wa mtama, waliokula utotoni mwake. Mofa hatuna, tukatumia kikaango kizito kikavu chenye mfuniko. Wa kwanza ulitoka mgumu kama kigae. Wa tatu uliliwa mpaka makombo.

Nisije nikaeleweka kwamba kila cha zamani ni dawa. Kaimati nazo ni za zamani. Na wazee wetu walikula muhogo wakaenda shambani kwa miguu, sisi tunakula muhogo tunakaa na simu. Wala sisemi chakula hiki kitamponya mama. Dawa zake anakunywa, kliniki anakwenda, na mwenye mgonjwa wa figo nyumbani asifuate sufuria langu, akamuulize daktari wake.

Limebaki jambo moja ambalo bado linanisumbua. Mama ni mtu mzima mwenye akili timamu. Mwili wake ni amana, lakini amana hiyo amekabidhiwa yeye, sikukabidhiwa mimi. Nina haki ya kumshauri, hata kumbembeleza. Je, nina haki ya kumfungia kabati? Nilikuwa naificha sukari juu ya kabati kama anavyofichwa mtoto. Nimeacha. Tulikaa naye, tukazungumza na kliniki yake, tukakubaliana: kaimati zitapikwa usiku wa kuamkia Ijumaa tu, chache, na yeye atakula moja, mezani, mbele yetu sote. Kuna watakaosema nimelegeza. Pengine. Lakini ile moja naiona na naijua, zile mbili za gizani sikuwa nazijua, wala sijui kabla yake zilikuwa ngapi.

Na lile la aibu yangu. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika anatoka. Mimi nilikuwa katika kutuma mapishi. Kuanzia mwaka huu baada ya Alasiri nakalia mbuzi, nakuna nazi. Vidole vimechubuka mara mbili na watoto wamepata kitu cha kuchekea. Kumbe kupika chakula safi ni kazi zaidi ya kutumbukiza sambusa kwenye mafuta: kunde zichaguliwe, mboga zioshwe, samaki ageuzwe asiungue. Akina baba mnaotaka nyumba zenu zile vizuri, tuonane jikoni, msiishie kuagiza.

Leo ni zamu ya mbaazi. Mama ameshasema za juzi zilipwaya, tangawizi haikutosha, na kwamba leo atakuja kusimama mwenyewe. Kiti chake nimeshakiweka karibu na mlango, panapopita upepo.

Mola awape shifaa wagonjwa wetu wote, na atutakabalie. Msisahau kuwaombea dua. Futari njema.