Nyumba Yapambwa kwa Ajili ya Nani?



Mtu anunuapo nyumba yake ya kwanza, hapana siku aikumbukayo kama siku ya kuingia. Amekuwa mpangaji miaka mingi. Amezoea kuhesabu kodi ya kila mwezi, na kuomba ruhusa kabla ya kupigilia msumari ukutani. Sasa ufunguo u mkononi mwake, na ukuta ni wake. Ndipo lizukapo swali ambalo zamani hakuwa na haja nalo: ukuta huu niupambe kwa nini, tena niupambe kwa ajili ya nani? Swali la kwanza aweza kulijibu fundi wa rangi au muuza mapazia. La pili hapana fundi awezaye kulijibu, maana ni neno la dhamiri. Hilo ndilo nitakalo tulifikiri pamoja mwezi huu.

Nami sisemi kama mtu aliye mbali na jambo hili. Mimi na mke wangu tulipanga chumba huko Mabatini, hapa mjini Mwanza, miaka 11, mahali ambapo nyumba zimeshikamana na mawe ya mlima, na maji hupandishwa kwa kichwa. Mwishowe tukajaliwa kununua nyumba ndogo upande wa Buhongwa, yenye vyumba vitatu na sebule. Furaha yetu ilikuwa kubwa, wala furaha si dhambi. Tulipaka kuta rangi nyeupe, tukatundika mapazia, tukanunua makochi na kabati la kioo la vyombo vya wageni. Mke wangu akafuma vitambaa vya kufunika makochi. Watoto tukawaambia wale jikoni, wala wasiketi sebuleni ila siku ya Jumapili.

Mwezi wa pili mama yangu akaja kutoka kijijini, huko Misungwi, ili aione nyumba. Alileta kigoda cha miguu mitatu alichokuwa akikikalia marehemu baba, na mtungi wa udongo wa kupozea maji. Akasema kwamba vitu hivyo vimekuja kukaa kwa mwanawe. Tulivipokea kwa mikono miwili, tukashukuru. Kisha usiku tukavitia stoo, kwa kuwa tuliona havipatani na sebule yetu. Asubuhi mama akavitafuta kwa macho, asiseme neno. Yeye amezoea kuketi chini karibu na moto, wajukuu wakimzunguka. Sasa akaketi pembeni mwa kochi, mikono magotini, kama mtu angojaye kuitwa mbele ya hakimu. Siku ya tatu akaaga. Alipofika mlangoni akaniambia, "Nyumba yako ni nzuri sana, mwanangu. Ila sikuona mahali pa mtu kukaa."

Neno lile lilinichoma, na tangu siku ile nimelifikiri sana.

Wako watakaosema, "Basi kupamba nyumba ni ubatili mtupu. Kuta nne na bati zatosha. Fedha iliyosalia wapewe wahitaji." Usemi huo una kweli ndani yake, hasa kwa mtu akopaye ili anunue makochi, huku choo chake hakina mlango, maji ya mvua yanapotea bure kwa kukosa mfereji wa paa, na watoto wanalala pasipo chandarua. Kila jambo lina zamu yake, na zamu ya pazia haiji kabla ya zamu ya chandarua. Lakini siwezi kukubali kwamba uzuri wenyewe ni uovu. Mke wangu alipika miaka 11 mlangoni pa chumba kimoja, katikati ya moshi wa majirani. Akitamani mahali pamoja palipo safi na pa kupendeza macho, ni nani atakayemhukumu?

Wazee wetu nao, ingawa mali yao ilikuwa chache, hawakuishi pasipo uzuri. Mwenye nafasi na aende Bujora, karibu na Kisesa, si mbali na mji wetu, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre David Clement. Huko ataona nyumba ya msonge, ngoma na vigoda, naye atatambua kwamba mikono iliyovifanya haikutafuta manufaa tu. Tena katika mwaka 1953 Hans Cory, aliyechunguza sana desturi za makabila ya nchi hii, alichapisha kitabu juu ya picha zilizochorwa ukutani na chama cha wacheza nyoka wa Usukuma. Sitaki kusifu kila desturi ya chama kile, maana kilikuwa na siri zake. Lakini angalieni neno moja. Picha zile zilichorwa ndani ya nyumba, kwa kuwafundisha walioingia chamani. Mpita njia hakuona kitu. Pambo halikuwa la kumstaajabisha jirani. Lilikuwa la kumfaa yule aliye ndani.

Hata ng'ambo ya maji, huko Ukerewe, mambo ni hayo. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu chake kikubwa cha Myombekere na Bugonoka, nacho kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Humo ameeleza kwa kirefu namna watu walivyotembeleana, walivyosalimiana na walivyokaribishana. Asomaye huona kwamba sifa ya nyumba ile haikuwa katika vitu vilivyomo, bali katika namna mtu alivyopokewa mlangoni.

Sasa na tulipime hili neno "yangu", maana hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Nilipopata ufunguo nilijiona bwana wa kila kitu kilicho ndani ya kuta zile. Lakini tuifuate sheria ya nchi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, naye Rais ameshika dhamana yake kwa niaba ya raia wote. Mtu apewaye hati hupewa haki ya kukaa na kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kadhalika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba wanayokaa pasipo ridhaa ya mwenzake. Basi aliye na hati ndefu kuliko zote naye bado ni mtu aliyekabidhiwa kitu kwa muda. Mbele yake walikuwako wengine, nyuma yake watakuja wengine, na ubavuni pake yuko mwenye haki kama yeye. Apambaye nyumba ili atangaze kwamba ni yake peke yake, ameshika neno ambalo hata hati yake hailisemi.

Twaujua sote ule mfano wa nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Sisi wa Mwanza twaweza kujisifu bure kwa mfano huo, kwa kuwa milima yetu ni mawe matupu, na mwenye akili na mpumbavu wote wamejenga juu ya mwamba. Kwetu tofauti haionekani katika msingi. Sharti tuitafute ndani ya mlango.

Kwa hiyo nawapa kipimo, ndugu, ambacho mimi nilikijua nikiwa nimechelewa. Kila pambo uliulize: wewe wamkaribisha nani, na wamfukuza nani? Pazia limkingalo mgonjwa na jua humkaribisha. Rangi ing'arishayo chumba cha mtoto asomaye humkaribisha. Lakini kochi ambalo mtoto haruhusiwi kuliketia, kikombe ambacho mwenye nyumba hathubutu kukinywea, na sebule ambayo mama mzazi huiogopa, hivyo si mapambo tena. Ni ukuta wa tano, uliojengwa ndani ya kuta nne, nao huwatenga watu wa nyumba moja. Na gharama yake ni kubwa kuliko rangi na mbao, maana twaulipa kwa watu wetu.

Wala sisemi kwamba kila kitu cha zamani lazima kiwekwe sebuleni, wala kwamba watoto waachwe wachafue wapendavyo. Usafi ni heshima, na kazi ya mikono ya mke yapasa kutunzwa. Nasema tu kwamba kitu kitunzwe kwa ajili ya watu, wala watu wasifukuzwe kwa ajili ya kitu. Ukuta mweupe haudumu. Sisi tukaao kando ya ziwa twawajua wale wadudu wadogo wapaao majini kama moshi. Wakija usiku mmoja tu wakati taa inawaka, kazi ya fundi huharibika. Ukuta hupakwa tena. Mama aliyeondoka na huzuni hapakwi rangi.

Mimi na mke wangu tulishauriana. Tulikitoa kigoda stoo, tukakiweka sebuleni karibu na dirisha, na mtungi tukaujaza maji. Vitambaa vimebaki, kwa kuwa ni vizuri. Lakini watoto huketi juu yake, navyo hufuliwa. Kisha nikaenda Misungwi kumwomba mama radhi. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama mtungi unavuja, nikamwambia hauvuji, na maji yake ni baridi. Amesema atakuja baada ya mavuno. Watoto hukigombania kile kigoda kila jioni, nasi tumewaambia kwamba siku bibi atakapofika watampisha.

Basi, wewe uliyepata ufunguo mwaka huu, pamba nyumba yako kwa furaha. Lakini kabla hujapigilia msumari wa kwanza, simama katikati ya sebule, uwahesabu watu wako mmoja mmoja, ujiulize kila mmoja ataketi wapi.