Urithi wa Maumbile, na Dhulma Wanayofanyiwa Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kitu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, iko dhulma iliyoenea katika majumba yetu, nayo hufanywa na watu wanaosali na kufunga. Mtoto huzaliwa na sura isiyofanana na ya babake, au akapatwa na ugonjwa usiojulikana kwa wazee wake, na mara vidole vyote humwelekea mama. Huyu husema kizazi chake kina mkosi. Yule hunong'ona jambo baya kuliko hilo. Pengine mwanamke hurudishwa kwao na mtoto mgonjwa mgongoni, wala hana kosa alilolifanya.

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwa Abu Huraira (r.a.), kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, naye ana shaka. Mtume alimuuliza khabari ya ngamia wake, wana rangi gani. Akajibu kuwa ni wekundu. Akamuuliza kama hamna wa kijivu kati yao, naye akakiri kuwa wamo. Akamuuliza rangi ile imetoka wapi. Bedui mwenyewe akasema huenda ni asili ya zamani iliyomvuta. Ndipo Mtume akamwambia kuwa na mwanawe huenda ni vivyo hivyo, wala hakumpa ruhusa ya kumkana.

Hatusemi kuwa Hadithi hii ni somo la tiba. Ni hukumu ya kuhifadhi heshima ya mwanamke na nasaba ya mtoto. Lakini ilimu ya maumbile nayo imebainisha njia ambayo jambo lililofichika kwa wazee hudhihiri kwa mtoto.

Mtawa mmoja wa Kikristo, Gregor Mendel, katika mji wa Brno, alipanda njegere miaka mingi, akachapisha aliyoyaona mwaka 1866. Alichanganya mbegu ya mmea mrefu na ya mmea mfupi. Mimea yote iliyoota ikawa mirefu. Alipoizalisha hiyo, ufupi ulirudi katika mmea mmoja kwa kila minne, kwa kukadiria. Basi ufupi haukuwa umepotea, ulikuwa umejificha.

Na mwanadamu ni hivyo. Kila mtu hupokea urithi wa maumbile kwa pande mbili, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Vijenzi vya urithi huo wataalamu huviita jeni, na asidhani mtu kuwa twazungumzia majini. Jeni yenye kasoro mara nyingi hufunikwa na mwenziwe iliyo nzima, na aliyeibeba huishi asijue.

Tutazame ugonjwa wa sikoseli, uitwao pia selimundu, unaojulikana sana hapa Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo, hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Mtoto akaumwa na viungo, akapungukiwa na damu, na maradhi mengine yakamshambulia upesi. Haupatikani ugonjwa huu ila kwa kurithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia. Mwenye moja tu kwa kawaida haumwi. Tena yeye hukingwa na malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison mwaka 1954. Ndiyo maana umekithiri penye mbu wengi.

Wakioana wawili ambao kila mmoja ameibeba moja, katika kila mimba iko nafasi moja kwa nne ya mtoto kuwa mgonjwa, mbili kwa nne za kuwa mbebaji kama wazee wake, na moja kwa nne ya kuwa hanayo kabisa. Na kila mimba ina hisabu yake: akizaliwa mgonjwa mmoja, si dhamana kuwa watatu watakaofuata watasalimika.

Basi mume anayemwacha mkewe kwa sababu hii amwache kwa kosa gani, na hali nusu ya urithi ule ni yake? Na anayempeleka mtoto kwa mganga apungwe pepo, huku hospitali zina dawa za kumpunguzia maumivu, ikiwamo haidroksiyurea iliyojaribiwa kwa watoto hapo Kilifi, amjibu nini Mola wake?

Twawanasihi mawalii na vijana wetu: damu na ipimwe kabla ya posa kukubaliwa, khasa wanapooana watoto wa ndugu. Sheria imeihalalisha ndoa hiyo, lakini walio wa babu mmoja huwa karibu zaidi kubeba kasoro ile ile. Saudia imelazimisha upimaji huu tangu mwaka 2004, na majibu hayaharamishi ndoa. Wawili huelezwa, kisha wakachagua wenyewe.

Atakayesema kuwa huku ni kuikimbia kadari, na akumbuke Sayyidna Umar (r.a.) alipokataa kuingia Sham penye tauni. Aliulizwa swali hilo hilo, akajibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu.

Na waliokwisha jaaliwa mtoto mgonjwa, mtoto huyo ni amana yao wote wawili. Na wamlee pamoja, wamtibu pamoja, na ulimi wa mtu usimguse mama yake. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atuepushe na dhulma. Amin.