Adabu ya Mgeni Atafutaye Kazi

Ndugu zangu, nataka kusema nanyi juu ya vijana wetu watokao Mombasa, Malindi na Lamu kwenda kutafuta kazi Turkana, na khasa katika kimji cha Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini.

Kusafiri kwa ajili ya riziki si aibu. Ni bora kuliko kukaa barazani kungojea mkono wa baba. Lakini ugeni una adabu yake, na mwalimu wetu katika jambo hili ni Nabii Musa (A.S.).

Musa alipokimbia Misri aliingia Madyan hana jamaa wala mtu wa kumsifu. Akawakuta wachungaji wakinywesha wanyama wao, na wanawake wawili wamejitenga, wakizuia kondoo wao mpaka wenye nguvu wamalize. Akawauliza wana nini. Kisha akawanyweshea. Kisha akarudi kivulini akamwomba Mola wake kheri, kwani alikuwa fakiri. Tazameni alivyoanza: hakuuliza mshahara. Baadaye ndipo alipoitwa kwa baba yao, na mmoja wa wale wanawake akashauri aajiriwe kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Mapatano yakawa miaka minane, au kumi akipenda mwenyewe. (Wengi husema mzee yule ni Nabii Shuaib, Qur'ani haikumtaja jina, nasi hatuna haja ya kushindana.)

Turkana nayo ni nchi ya wafugaji wa ngamia na mbuzi, na wakati wa kiangazi wanawake huchimba mchanga wa mito iliyokauka ndipo wapate maji. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipoanza kupeleka chakula kusini ya Sudan, Lokichoggio ikawa kituo cha ndege na maghala, na hospitali ya Lopiding ikatibu majeruhi wa vita. Wageni wakaja kwa wingi: madereva, wapishi, makarani, mafundi. Baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005 mashirika mengi yakahamia ng'ambo ya mpaka, na wageni wakaifuata mishahara yao. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Lokichoggio alipona kwa lipi?

Mwaka 2012 mafuta yakagunduliwa kusini ya Turkana. Oktoba 2013 wenyeji wakaandamana, wakisema kazi wapewa watu wa nje, hata uchimbaji ukasimama kwa muda. Msiwacheke. Maneno yale ni yetu wenyewe. Ni nani katika sisi asiyesema, kila jioni, kwamba kazi za bandari ya Kilindini wazichukua watu wa bara? Sisemi kwamba ni uwongo. Nasema kwamba mtu huyo huyo, mwanawe akipata kazi Lokichoggio kwa kumpa karani bahasha, na kijana wa Kiturkana aijuaye kazi ile akarudishwa mlangoni, hupokea pesa za mwezi akasema Alhamdulillahi. Bahasha ile ni rushwa, nayo ni haramu Lokichoggio kama ilivyo haramu Kilindini, juu ya mtoaji na mpokeaji.

Wapo watakaonijibu kwamba Waturkana wengi si Waislamu. Musa hakuwauliza wale wanawake dini yao kabla ya kushika ndoo. Na yale majina mabaya ambayo baadhi yetu huwaita watu wa huko, kwa kuwa nguo zao si kama zetu, ni kibri tupu.

Kijana atakaye kwenda, na aende na ufundi mkononi, ajifunze lugha ya wenyeji japo salamu, na akipata msaidizi wa huko amfundishe kazi yenyewe, si kumbebesha vyombo tu. Nasi wazazi, zifikapo pesa za mwezi, kabla ya kwenda nazo sokoni tumuulize kijana kazi hiyo aliipataje.