Kamari na Kubebeana Mizigo

Je, kila mchezo wa bahati ni dhambi? La. Mitume wenyewe walipiga kura walipomchagua Matia achukue nafasi ya Yuda. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba mchezo wa bahati wenyewe si kinyume cha haki. Lakini huwa mbaya unapomnyima mtu riziki yake na ya wale anaowalea, na tamaa ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa.

Mathalani, wanawake kumi wa Pangi wafanya likelemba. Kila juma kila mmoja atoa franki 5,000, na mmoja apokea zote 50,000, kwa zamu. Zamu zikiisha, hakuna aliyepoteza. Kamari sivyo: anachopata mmoja ndicho alichopoteza mwenzake.

Sasa mama mtunza fedha azipeleka fedha hizo katika kamari, akitumaini kuzirudisha kesho. Aliwa zote. Amevunja amri ya saba. Wenzake wafanyeje? Wakinyamaza, watoto wa mwenye zamu watakosa ada ya shule. Wakimfukuza kwa matusi, atajificha na kucheza tena ili apate cha kulipa.

Huko Los Angeles, Marekani, mwaka 1957, watumwa wa kamari walianza kukutana ili wasaidiane. Kila mmoja hukiri udhaifu wake mbele ya wenzake, nao hutunza siri. Kisha hulipa madeni kidogo kidogo. Mwanzoni walikuwa karibu wanaume watupu. Wanawake waliofika waliona haya maradufu, kwa maana watu humlaumu mama mcheza kamari kuliko baba. Ndiyo sababu baadaye, mahali pengine, wanawake walifanya mikutano yao, wapate kusema yale wasiyoweza kuyasema mbele ya wanaume.

Basi, huruma haifuti deni. Huruma bila malipo yamdhulumu aliyeibiwa. Malipo bila huruma yampoteza mkosaji. Mama yule akiri kosa, arudishe kidogo kidogo, asishike tena sanduku la fedha. Nao wenzake wamtembelee saa ya kishawishi, wala wasimtangaze sokoni.

Chini ya msalaba askari walilipigia kura vazi la Yezu, wasimjali anayekufa. Karibu nao walisimama wanawake, pamoja na Mama yake. Hawakuweza kumshusha, lakini hawakumwacha. Mkatekumeni ajiulize: yeye asimama na nani?