Tunamwita Nani?

Masomo: Marko 9:14-27, Warumi 12:17-21



Tunawasalimu nyote, wababa, wamama, vijana na watoto, mlio hapa Nyakiriba na mlio pengine katika Rubavu. Katika wiki hizi wazazi kadhaa wametujia na swali moja. Watoto wao wanacheza kwenye simu mchezo wa zamani ambao mchezaji anaita mashetani, anawapanga kama askari na kuwatuma vitani. Wazazi wanauliza: Je, mtoto anayecheza hivyo ameingiliwa na pepo? Wengine wameshasikia majirani wakisema kwamba mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa waombaji, afungiwe ndani, anyimwe chakula siku tatu mpaka akiri. Kwa kuwa jambo limefika hapo, tumeona ni vema tuliandikie kanisa lote.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe, maana si vizuri kuhukumu kitu tusichokijua. Michezo hii ilianzia Japani. Mwaka 1986 mwandishi Aya Nishitani alitoa kitabu cha hadithi, na mwaka 1987 hadithi hiyo ikafanywa mchezo ulioitwa Megami Tensei. Mwaka 1994 ukatoka mwingine wa jamii hiyo hiyo, Majin Tensei. Huo unachezwa kwa zamu juu ya uwanja wenye miraba: huyu akimaliza kusogeza watu wake, yule naye anasogeza wake, kama wazee wanavyongojana katika igisoro.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwanafunzi mmoja, Akemi Nakajima, ana akili nyingi za kompyuta, lakini shuleni anaonewa na kupigwa. Moyo wake ukajaa uchungu. Akatengeneza programu ya kuita shetani, akamwita mmoja aitwaye Loki ili amlipie kisasi. Loki akaja. Lakini kisasi kilipokwisha, Loki hakurudi alikotoka. Akawageukia hata watu wasio na kosa, na yule kijana akajikuta anapigana na kile alichokiita kwa mkono wake mwenyewe. Tena katika mchezo kuna jambo moja la kuangaliwa: shetani uliyemwita hatembei nawe bure. Kila hatua mnayokwenda pamoja, unamlisha. Chakula chake kikiisha, naye anaanza kudhoofika, na wewe unabaki bila jeshi.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba mchezo huu ni somo la shule ya Jumapili. Neno la Mungu linakataza kabisa kuita pepo na kutafuta shauri kwa wafu (Kumbukumbu la Torati 18:10-12). Mfalme Sauli alilijua hilo, hata aliwafukuza waaguzi katika nchi. Lakini alipowaona Wafilisti akaogopa, akajificha katika mavazi mengine, akaenda usiku kwa yule mwanamke wa Endori (1 Samweli 28). Woga ndio uliompeleka. Hata katika nchi hizi za milima ya moto, wazee walijua mambo ya kubandwa. Walimwita Ryangombe, wakasema makao yake ni Karisimbi, na kwamba wasioingia katika desturi yake wataishia katika moto wa Nyiragongo. Basi kuita pepo si jambo lililoletwa na simu. Mzazi anayemwambia mtoto wake, "Mwanangu, mchezo huu uache," ana haki hiyo, na mtoto amtii.

Lakini kumkataza mtoto mchezo ni jambo moja, na kumwita mtoto shetani ni jambo lingine.

Tusome Marko sura ya 9. Baba mmoja alimleta mwanawe aliyeteswa na pepo. Hapa pepo yupo kweli, si picha ya kwenye kioo. Yesu alifanya nini? Hakumgombeza mtoto. Hakumwuliza, "Umecheza na nani, umekula nini kwa nani?" Alimgeukia baba, akamwuliza hali hiyo ilianza lini, akamsikiliza mpaka mwisho. Ukali wake wote aliuelekeza kwa pepo. Na mtoto alipoanguka, watu wakasema amekufa, Yesu akamshika mkono akamwinua. Kama ndivyo alivyomtendea mtoto aliyekuwa na pepo kweli, sisi tumpige mtoto aliyeonekana na simu?

Jambo hili linatugusa sisi tuliotoka Kongo, kwa sababu tunajua linapoishia. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za watoto wengi wa mitaani, Kinshasa na miji mingine, waliofukuzwa nyumbani baada ya kuitwa wachawi. Wengine walifungiwa makanisani, wakanyimwa chakula na kupigwa ili wakiri. Mara nyingi chanzo kilikuwa msiba, ugonjwa au ukosefu wa pesa, na jamaa wakatafuta wa kubebeshwa. Ndiyo maana sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa gerezani. Neno "mchawi" likitoka kinywani halirudi. Mtoto ataitwa hivyo kisimani, ataitwa hivyo shuleni, na siku mdogo wake akipata malaria, wote watamtazama yeye. Aliyelitamka atakuwa amefanya alichofanya kijana wa ile hadithi: kwa woga na uchungu ameita kitu asichoweza kukirudisha.

Tuliketi na baadhi ya watoto hao, tukawauliza kwa upole wanapenda nini katika mchezo. Wengi walijibu kama watoto: kushinda, kupita hatua, kuwazidi wenzao. Mmoja alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba, akicheza, wale maadui huwa anawapa sura za watu waliochoma nyumba yao. Akishinda, analala vizuri. Asubuhi hasira iko pale pale.

Wapendwa, hapo ndipo penye vita. Mtoto huyu hana pepo wa Kijapani. Ana kidonda, na kidonda hicho amekipata pamoja na sisi, njiani. Anayasikia pia maneno yanayosemwa jioni karibu na moto: siku tutakaporudi, fulani ataona, damu yetu haitapotea bure. Maneno hayo hayahitaji simu wala umeme wa kuchaji. Kisasi kikiitwa, kinakuja. Na kila siku kinataka kulishwa: usingizi wetu, maombi yetu, upendo wetu kwa jirani wa kabila lingine. Wengi wetu tunaukumbuka moto wa Nyiragongo, ule wa tarehe 17 Januari 2002 na ule wa tarehe 22 Mei 2021. Ulipofika mitaani haukuuliza nyumba ni ya nani. Kisasi nacho ni hivyo hivyo.

Mtume Paulo anatufundisha katika Warumi 12 kwamba hukumu ni ya Bwana, tusijilipizie wenyewe. Hasemi kwamba hatukutendewa ubaya. Hasemi tusahau nyumba wala makaburi. Anasema tumwachie Mungu nafasi, na adui akiwa na njaa tumlishe. Ni neno gumu kwa mtu aliyepoteza vyote, nasi hatulitamki kwa wepesi. Lakini angalieni: katika njia zote mbili kuna mtu wa kulishwa. Ama tunailisha hasira, ama tunamlisha adui. Hasira haishibi kamwe. Adui aliyelishwa anaweza siku moja kuwa ndugu.

Kwa hiyo tunawaomba haya:

1. Mtu yeyote asimpeleke mtoto kufungiwa, kunyimwa chakula au kupigwa kwa jina la maombi. Ukiombwa kufanya hivyo, waone wazee wa kanisa kwanza. Mtoto akiugua, afike zahanati, na tumwombee huko huko.

2. Mzazi, kaa na mtoto wako atakapocheza. Tazama, uliza, sikiliza. Ukiona mchezo haufai, mwambie sababu, na umpe kitu kingine: kwaya, mpira, igisoro, kazi ya mikono.

3. Mtoto akikuambia anaota moto au bunduki, usimwambie anyamaze. Mruhusu aseme mpaka amalize, kama Yesu alivyomsikiliza yule baba.

4. Kila nyumba ichunge maneno ya jioni. Kabla ya kulala, tutaje kwa Bwana majina ya waliotukosea, kama yalivyo, tukayaache mikononi mwake. Kama leo huwezi kusema umesamehe, sema, "Bwana, nisaidie kutokuamini kwangu," kama yule baba. Yesu hakumfukuza kwa ombi hilo.

Nakajima alimwita Loki kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwita. Watoto wetu wasifike hapo. Wana wazazi, wana kanisa, wana Bwana anayeitika. Wajue hivyo kwa kuona tunavyoishi nao.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyemshika mtoto mkono ukamwinua, waangalie watoto wetu walioona mambo makubwa kuliko umri wao. Tuondolee woga unaotafuta wa kulaumiwa. Pokea kesi zetu, maana wewe ni hakimu wa haki. Na utufundishe kuliita jina lako peke yake. Amina.

Mungu awabariki.